Chubwi Tisa

Ifahamike kwa wote watakaoyasoma maandishi haya, walio hai na watakaozaliwa, kwamba Ijumaa ya mwisho ya Aprili 2014, katika gati la boti za kukodi pale The Pearl, Doha, ilifunguliwa kesi ambayo mfano wake haujapata kuonekana katika historia ya ulinzi wa kampuni binafsi. Marehemu alikuwa wa kike. Urefu wake mita moja na robo. Alikutwa amelala chali juu ya barafu, macho wazi, tumbo limepasuliwa kutoka chini mpaka kooni, na ndani hamna kitu.

Marehemu alikuwa nguru.

Naam, samaki. Lakini kabla hamjafunga kitabu, jueni kwamba hatua ishirini kutoka kwenye boksi lake la barafu kulikuwa na stoo ya zana za uvuvi isiyo na dirisha, na ndani ya stoo hiyo alikuwa amefungiwa mtu mzima wa miaka hamsini na mbili kwa ajili yake. Huyo hakuwa samaki, na ndege yake ilikuwa inaondoka saa kumi na mbili jioni.

Upelelezi ulikabidhiwa Madam Milka Nasimiyu, msimamizi wetu wa ulinzi, ambaye kabla ya kuja Ghuba alikuwa polisi Webuye kwa miaka kumi na mmoja. Mimi ni Job, mlinzi wa zamu ya asubuhi, umri miaka kumi na tisa. Nilipewa kazi ya kuandika maelezo ya kila mtu, kwa sababu mwandiko wangu ulilelewa na shule ya bweni na unasomeka hata na mtu mwenye hasira.

Mwenye hasira alikuwa Bwana Herbert, Mganda wa Mbarara, meneja wa boti. Alikuwa ameniamuru nifunge lango la gati, asitoke mtu. Nikafunga. Ufunguo ukawa kiunoni mwangu, na mimi mwenyewe nikawa ndani.

Maelezo yake, kwa ufupi, yalikuwa haya. Nguru huikimbia pwani ya Qatar maji yakianza kupata moto. Wiki ya mwisho ya Aprili hubaki wachache, ila wakubwa, na wateja wanaojua uvuvi huing'ang'ania wiki hiyo. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, kampuni ilianzisha mashindano: atakayevua nguru mzito kuliko wote wa msimu, jina lake litachongwa kwenye ubao wa shaba ukumbini. Alhamisi jioni mteja mmoja, Bwana Mike, mhandisi wa mabomba kutoka Afrika Kusini, alirudi na nguru wa kilo kumi na sita na gramu mia tatu. Alipimwa palepale gatini mbele ya watu. Ijumaa saa tatu asubuhi, kwenye upimaji rasmi, nguru yuleyule akasoma kilo kumi na nne na gramu mia nne. Aliyekuwa anaongoza alikuwa na kilo kumi na tano kamili.

Kilo moja na gramu mia tisa zilikuwa zimeyeyuka katika usiku mmoja.

Bwana Mike alianza kwa kudai kwamba samaki wake amebadilishwa. Wenzake wakamwonyesha kovu la ndoana mdomoni, akaacha dai hilo. Ndipo mmoja wao akauliza, kwa sauti ya upole sana, kama samaki huyo alikuwa amewahi kuwa na kilo kumi na sita kweli. Bwana Herbert akaenda kuhesabu zana, akakuta chubwi tisa hazipo. Chubwi ni zile timazi za risasi zinazofungwa kwenye mshipi ili uzame. Zetu zina gramu mia mbili kila moja. Tisa ni kilo moja na gramu mia nane.

"Gramu mia iliyobaki ni damu," Bwana Herbert alimwambia Madam. "Nimemaliza kazi yako."

Nadharia yake ilikuwa hivi. Baharia wa boti, Mzee Makame, alimshindilia samaki risasi tumboni wakiwa bado baharini ili kumfurahisha mteja. Usiku akakumbuka kwamba sheria ya mashindano inataka samaki wa mshindi apasuliwe mbele ya mashahidi. Akaogopa, akampasua mwenyewe, akazitoa. Na kama kuna mtu alikuwa na shaka, mzee alikuwa amekuja kazini na begi lake la safari. Bwana Herbert alilifungua mbele ya wote. Chini kabisa, kati ya bitana na plastiki ngumu ya begi, zilikuwemo chubwi tisa zimefungwa katika kitambaa cha kijivu.

Hayo niliyaandika kwa mkono usiotetemeka. Naomba nisifiwe kwa hilo, kwa kuwa hakutakuwa na kingine cha kunisifia.

Jambo lenyewe lilikuwa ruhusa ya kutoka. Miaka hiyo mfanyakazi hakuweza kupanda ndege Doha mpaka kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, akubali atoke nchini. Ruhusa ya Mzee Makame ilikuwa imeshatolewa. Bwana Herbert alituambia kwamba ikifika saa nane mchana, kama kesi haijaisha, atampigia kafili simu moja tu na ruhusa itafutwa. Akaiweka simu mezani, uso juu, kama mtu anayeweka karata.

Madam alivaa glavu za plastiki za jikoni, akapiga magoti mbele ya boksi la barafu, akakaa na samaki kwa robo saa nzima. Alimtia vidole mdomoni hadi kooni. Alipapasa kuta za tumbo. Alimgeuza, akaangalia pale matamvua yake ya kupumulia yalipokuwa, maana nayo yalikuwa yametolewa. Kisha akamuuliza Bwana Herbert kama amewahi kutengeneza samaki.

"Sisi ni watu wa ng'ombe," alijibu.

"Basi njoo uone. Damu iliyoganda kwenye uti wa mgongo imekwanguliwa yote. Mwizi mwenye haraka anakwangua uti wa mgongo?"

Bwana Herbert alisema mwizi mwerevu hufuta nyayo zake. Madam akaniambia niandike kwamba matamvua yametolewa na uti umekwanguliwa, akaenda stoo.

Mzee Makame alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya fito za kuvulia. Humo ndani hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya chambo na mafuta ya injini, na feni ilikuwa haifanyi kazi tangu mwezi wa pili. Adhana ya Ijumaa ilikuwa imeshaadhiniwa. Alikuwa ametawadha kwa maji ya chupa, amesali peke yake juu ya kipande cha turubai, bila kuwa na uhakika wa kibla.

Madam alimuuliza moja kwa moja ni nani aliyempasua nguru.

"Mie," alisema. "Hapana aliyeniuliza hilo. Yule bwana kaniuliza n'lipoficha, basi."

Alieleza, huku akiangalia mikono yake. Kwao Makunduchi samaki mkubwa hutengenezwa kabla hajatiwa barafuni, na nguru wa mwisho wa msimu tumbo limemjaa, ukimwacha nalo asubuhi ananuka. Alhamisi akili yake ilikuwa nyumbani. Binti yake wa mwisho, Latifa, anaozwa Jumapili. Mikono ilikuwa imeshamaliza kazi ndipo kichwa kikakumbuka mashindano. Akaona haya kumwambia mteja kwamba amemharibia samaki wake, akafunga boksi, akaomba Mungu tofauti iwe ndogo.

"Wale wawili wa mwanzo niliwaozesha kwa simu," alisema. "Kaka yangu kashika mkono wa bwana harusi, mie nasikiliza huku, mtandao unakatika. Huyu n'shamwahidi nitakaa mbele yake mwenyewe."

Madam aliuliza matumbo yako wapi. Paka wa gati walishayamaliza. Akauliza kama alikuwa na mayai.

Mzee aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Mapana, wallahi. Nimempelekea Roselyne."

Roselyne ni mpishi Mkenya wa mkahawa wa gati, na mkahawa huo una amri kali: mfanyakazi akikutwa na chakula kilichotoka nje, anafukuzwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo nilitarajia angekana, na Madam naye alitarajia hivyo, maana alipoingia jikoni hakuuliza lolote kuhusu Mzee Makame. Alilalamika juu ya joto. Aliuliza habari za watoto. Halafu akasema kwamba tangu afike Doha hajaonja mayai ya samaki, na kama yangekuwepo hata kidogo tu.

Roselyne aliangalia mlango, akaniangalia mimi na daftari langu.

"Huyu anaandika nini?"

"Job, funga daftari."

Nikafunga.

"Nimebakisha upande mmoja," Roselyne alisema. "Ule mwingine tulikula asubuhi na ugali. Madam, mimi nina watoto watatu."

Madam alimhakikishia kwamba jina lake halitaonekana popote, na kwa kadiri ya uwezo wangu nimelibadilisha. Upande uliobaki ulipimwa kwenye mizani ya jikoni: gramu mia nne na hamsini. Pande mbili ni gramu mia tisa. Kisha Madam akaomba jambo la pili. Mkahawa ulikuwa umepokea nguru dume asubuhi hiyo, karibu kilo kumi na sita, mzima. Roselyne alimtengeneza mbele yetu, kwa namna ileile: matamvua, matumbo, damu ya mgongoni. Vyote vikatiwa kwenye mfuko na kuning'inizwa. Kilo moja, na sindano ikicheza kidogo juu ya hapo.

Gramu mia tisa na kilo moja. Nilizijumlisha kimoyomoyo, na nilipopata jibu nilifurahi kweli, nawaapia, nikadhani tumeokoka sote.

Saa saba kasoro dakika tano tulikuwa tena ofisini kwa Bwana Herbert. Madam aliweka hesabu mezani bila kumtaja mpishi. Bwana Mike aliitwa, akasikiliza, akakubali kwa shingo upande kwamba baba yake mzazi naye alikuwa na tabia hiyohiyo ya kutengeneza samaki kabla hata hajavua viatu. Akaomba tu ubao wa shaba uchongwe kilo kumi na sita, akakataliwa, akaondoka. Nilimfungulia lango na kulifunga tena.

Bwana Herbert aliisukuma hesabu pembeni.

"Sawa. Samaki namwachia," alisema. "Sasa niambie chubwi tisa za kampuni zinafanya nini kwenye begi lake."

Madam alitazama saa ya ukutani.

"Ni mwizi wa chubwi, basi. Kafili hatauliza ni mwizi wa nini."

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya kuliko asubuhi. Asubuhi kulikuwa na samaki wa kulaumiwa. Sasa amebaki mzee na risasi, na saa ya ukutani, na simu iliyolala chali mezani. Ofisi ile ina kiyoyozi kizuri sana. Shati langu lilikuwa limeganda mgongoni.

Madam aliomba begi liletwe, na Mzee Makame naye aletwe. Alimuuliza alipima mzigo lini. Mzee alisema Jumanne, na tena Jumatano, chumbani kwetu Al Wukair, kwa ile mizani ya kuning'iniza inayozunguka kila chumba mtu akikaribia kwenda likizo. Tunalala wanne humo, mimi kitanda cha juu yake. Shirika la ndege linaruhusu kilo thelathini. Jumanne begi lilikuwa na thelathini kasoro kidogo. Jumatano likasoma karibu thelathini na mbili. Hakuelewa. Alitoa kitu, akapima, akatoa kingine, akapima, mpaka likarudi thelathini.

"Ulitoa nini?" Madam aliuliza.

"Vyangu mwenyewe. Vya watoto sikugusa."

Madam alimgeukia Bwana Herbert. Alisema kwamba mtu aliyeiba risasi na kuificha anajua kilichozidi ni nini. Hawezi kukaa sakafuni saa nzima akitoa nguo zake moja moja huku risasi ikibaki. Tena uzito ulizidi Jumatano, na samaki alivuliwa Alhamisi.

"Hayo ni maneno yake."

"Job alikuwepo chumbani," Madam alisema. "Job, alipima Jumatano?"

Nikasema ndiyo, alipima Jumatano.

"Na alishangaa?"

Nikasema alishangaa.

"Ulimwona akishangaa na hukuandika."

Nilisema hakuna aliyeniuliza. Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko nilivyoipanga. Madam alinyoosha mkono, nikampa daftari, akasoma kurasa zote nne toka mwanzo, polepole, akilowesha kidole kila anapofunua. Bwana Herbert alitazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano.

"Una mwandiko mzuri," Madam alisema hatimaye. "Na unaona vitu. Umeandika rangi ya boksi la barafu. Umeandika feni imeharibika tangu mwezi wa pili. Sasa hapa kwenye chubwi umeandika 'kitambaa cha kijivu' na ukapita mbio." Akatia mkono ndani ya begi, akakivuta. "Hiki ni kitambaa?"

Kilikuwa soksi. Ndefu, ya kufika gotini, kisigino kimeisha. Wasomaji wangu, na ninyi pia niliwaandikia kitambaa. Nisameheni kwa mpigo mmoja na wengine.

Aliipindua ndani nje. Ukingoni, kwa uzi mwekundu, kulishonwa tarakimu tatu.

"Mimi nina mtoto kidato cha tatu, bweni," alisema, kama anayezungumza na soksi. "Mwezi wa kwanza nilikuwa likizo, nikamshonea namba kwenye soksi jozi sita, mashuka, mpaka taulo. Mzee Makame, wewe ulisoma bweni?"

Mzee alisema alisoma chuo cha Kurani na darasa la saba, na jioni alikuwa analala kwao.

Madam hakunitazama. Alikuwa bado anaangalia uzi. Kisha, kwa sauti ya walimu wote wa zamu waliopata kunisimamisha uwanjani saa kumi na moja alfajiri, akasema, "Namba."

"Nne moja saba, Madam."

Nilikuwa nimesimama wima, mikono ubavuni, kidevu juu. Miaka minne ya shule ilinijibia kabla sijaulizwa kama naafiki.

Hakuna aliyecheka. Soksi ilikuwa mezani, na ilikuwa imesema nne moja saba kabla yangu.

Bwana Herbert alitaka kujua nilizichukua ili niziuze wapi. Hilo lilinisikitisha zaidi, kwamba hata uovu wangu alikuwa ameukosea. Nikamweleza. Siku ya kufunga shule, bweni kwetu, ukimpenda mwenzako unamtilia tofali chini ya sanduku la bati. Analiburuta mpaka stendi huku akilalamika, na akifika kwao akalifungua, anakukumbuka likizo nzima. Mimi Jumanne nilikuwa zamu ya stoo. Niliona chubwi, nikakumbuka tofali. Nilimwona Mzee Makame akifungua begi kwao Makunduchi, mbele ya binti zake, akizitoa moja moja huku akisema yule mtoto Job ni mshenzi. Nilifikiri hivyo kweli. Nilicheka peke yangu kitandani mpaka nikauma shuka.

"Utafukuzwa," Bwana Herbert alisema. "Unaelewa? Utarudi kwenu kwa ndege ya kwanza, na hapa hurudi tena. Na ninataka kwa maandishi, sasa hivi, nimtumie kafili kabla ya saa nane. Bila karatasi hiyo mzee hatoki."

Madam alinirudishia daftari na kalamu. Uso wake haukuwa na hasira. Ningependa ungekuwa nayo.

Niliandika: Mimi, Job Wafula, kwa hiari yangu. Nikaandika Jumanne, stoo, tisa, soksi. Nikaeleza kwamba Mzee Makame hakujua. Ilijaa nusu ukurasa tu. Bwana Herbert akaipiga picha kwa simu, akaituma, na tukakaa sote wanne tukiitazama simu hiyo kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Saa nane kasoro dakika sita ikalia mlio mfupi. Akasoma. Akasema kafili ameandika neno moja: aende.

Mzee Makame alifunga zipu ya begi. Nilingoja anitukane. Alikuwa na haki, na alikuwa na Kiswahili cha kutosha.

"Nilidhani ni uzee, mwanangu," alisema. "Nikasema basi, nimeanza kusahau hata nilichokitia mwenyewe."

Hapo ndipo nilipovunjika, mimi niliyekuwa nimepita salama kwenye kukamatwa. Nikamwambia Madam kwamba maelezo yangu hayajakamilika.

Nilisema utani ulikwisha saa tatu na nusu asubuhi, begi lilipofunguliwa. Kuanzia hapo nilikuwa na saa nne na zaidi, na daftari mkononi, na ufunguo wa lango kiunoni. Nilisikia adhana nikijua yumo ndani. Niliandika maneno ya kila mtu juu yake kwa herufi nzuri. Niliogopa kurudishwa nyumbani, nikaona heri azuiwe yeye asiende. Nilisema na Jumatano ilivyokuwa. Alipotoa vitu ili begi litimie, cha kwanza kutoka kilikuwa viatu vyeusi vya ngozi alivyonunua kwa ajili ya ndoa. Alivishika kidogo, akanipandishia kitandani juu. Akasema viatu vyangu vya kazi vimetoboka, na mguu wetu unalingana. Nami nikasema asante, nikavipokea, nikijua kilo zile zimetoka wapi.

"Viko wapi?" Madam aliuliza.

Nikainama nikafungua kamba. Nilivifuta kwa mkono wa shati, nikampa. Mzee alivitazama, akafungua zipu tena, akavilaza juu ya nguo za binti zake, akapokea ufunguo wa lango kutoka kwangu, na akatoka kwenda kutafuta teksi. Madam alinisogezea daftari.

"Hilo nalo liandike," alisema.

Nikasimama na soksi tu miguuni kwenye vigae vya baridi, nikaandika.